Vijiti Thelathini na Viwili vya Holo

Jumapili, 3 Septemba 2023

Nimestaafu masjala Kibaha mwaka wa pili huu, na bado sipati usingizi bila kuandika kilichoingia na kilichotoka. Basi leo kimeingia kitu. Jirani yangu Holo – Msukuma, mjane, ng'ombe kumi na mmoja – amechimba vishimo mpakani mwa shamba lake na langu, akapanda vijiti vikavu. Thelathini na viwili! Nimehesabu mara mbili. Hapa Chole ya Kisarawe watu huzungushia waya au matete. Yeye kapanda kuni.

Nikamuuliza, kwa adabu zote, kama kuni hizo atazitilia mbolea. Akasema ni mti wa kwao Shinyanga, amevikata kwenye uzio wa marehemu mama yake, vimekuja kwenye buti la basi, na vitachipua. Akaongeza kwamba sisi Wazaramo hatuwezi kujua, maana tunachopanda sisi ni ngoma tu, na hata hiyo tunaivuna usiku. Nikamwambia Wasukuma hawajui mwisho wa shamba na mwanzo wa jiko. Tumeachana vizuri.

Ni mtani wangu. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu, naweza kumwambia lolote asikasirike, naye vivyo hivyo. Mke wangu alipofariki, miaka sita sasa, kijiji kizima kilinisemesha kwa sauti ya chini. Holo alipohamia hapa alianza na matusi siku ya kwanza. Nilishukuru, ingawa sikumwambia.

Mbuzi wangu, Mkaguzi, amekwenda kunusa kijiti cha kwanza na kukiacha. Mbuzi huyu amewahi kula kalenda na nusu ya kandambili. Nimeandika hilo kama ushahidi.

Jumamosi, 16 Septemba 2023

Arobaini ya mzee Mudathir. Dua nzuri, pilau ikaiva, na hapo hapo Holo akachukua kigoda akakikita mbele ya sufuria, mwiko mapajani. Akatangaza kuwa hali Mzaramo hata mmoja mpaka mmoja wao acheze bila ngoma. Haki yake ya utani, hakuna wa kumwondoa. Wenzangu wote wakanitazama mimi, eti nimestaafu, nina muda.

Nimecheza. Bila ngoma, kwa kanzu, umri miaka sitini na miwili.

Watu walipomaliza kucheka damu yangu ilikuwa bado ya moto. Nikasimama nikasema mbele ya umati: "Wewe Holo, hivyo vijiti vyako vikichipua kabla mwaka haujaisha, nakuoa. Visipochipua unanipa ndama." Kelele! Holo akauliza mashahidi wapo? Latifu, rafiki yangu wa kahawa, akanyoosha mkono huku mdomo umejaa pilau. Holo akasema sawa, imeandikwa.

Sina wasiwasi. Kijiti kikavu ni kijiti kikavu. Ndama nitamwita Naibu Mkaguzi.

Jumatano, 27 Septemba 2023

Magaga ya miguu yananiua. Kisigino cha kulia kimepasuka kiasi cha kuficha shilingi. Holo aliniona nikichechemea akaja na kopo la maziwa la zamani, ndani yake mabonge ya utomvu wa ule mti wake, mekundu yanayopitisha mwanga. Akayayeyusha kwa samli juu ya makaa. Harufu yake – kama ubani, lakini ubani uliolelewa porini.

Akanieleza kazi zake. Ukifukiza, mbu wanahama. Ukipaka ng'ombe, kupe wanaachia. Ukipaka pasu, inafunga. Na ukiupasha moto peke yake, bila samli, ni gundi. Babu yake alishikizia mipini ya visu. Nikamletea mhuri wangu wa masjala, ule wa IMEPOKELEWA niliopewa kama kumbukumbu nilipostaafu. Kishikio kilikuwa kimevunjika toka mwaka jana. Akakigandisha pale pale, akapuliza, akanirudishia. Hakitikisiki.

Kuhusu kisigino alisema paka kidogo tu, uache kikauke kabisa ndipo ukanyage chini. Nikamwambia nimefanya kazi ya serikali miaka thelathini na minne, najua kufuata maelekezo.

Alikipaka mwenyewe mara ya kwanza. Aliinama, hakusema tusi hata moja kwa muda mrefu. Sijui kwa nini naandika hili.

Alhamisi, 28 Septemba 2023

Sikufuata maelekezo.

Nilipaka dawa nyingi kutoka kopo aliloniachia, tena ile ya gundi, kwa kuwa samli ilikuwa imekwisha na nilitaka kisigino kipone kabla ya Maulidi. Nikaenda. Nikakaa mkekani, miguu nimeikunja chini yangu, kisomo kitamu, udi unanukia. Ilipofika pa kusimama, wote wakasimama. Mimi nikasimama na mkeka. Mzee mmoja aliyekuwa ukingo wa pili wa mkeka huo hakuwa amemaliza kusimama, akarudi chini.

Kunitenganisha kulihitaji watu watatu na mafuta ya nazi. Holo alikuwa kule kwa akina mama, ameleta maziwa ya chai. Hakucheka. Aliweka ndoo chini, akaenda nyuma ya jiko, na kutoka huko nyuma ya jiko tukamsikia.

Kisigino, lakini, kimefunga.

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Kibaha. Nimekwenda kumjulia hali dada Ashura, na kwa siri nimebeba kwenye bahasha ncha ya kijiti kimoja. Nilipitia kwa binti Eugenia wa misitu, tulikuwa korido moja zamani. Shikamoo yake bado ile ile ya heshima. Akakwaruza ganda kwa ukucha. Chini yake – kijani! Kijani kibichi, na tone la utomvu likatoka hapo hapo likaniganda kidoleni.

Akafungua kitabu. Ni jamaa ya manemane. Yeye anasema mturituri, mwenzake wa meza ya pili anasema mbambara, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mti wa nchi kavu. Unakaa bila jani miezi mingi, ukiuona unasema umekufa, kisha mvua ikikaribia tu unatoa vijani vitatu vitatu. Watu wa bara hukata matawi wakapanda uzio, na uzio wote unashika. "Huu mzima kabisa, mzee," akasema. "Mvua moja tu." Nikamuuliza, kwa mfano, mvua isipokuja? Akacheka. Redio ya ofisini ilikuwa ikizungumzia El Nino.

Mwezi mzima naisikia hiyo El Nino, watu wanazibua mitaro, na haikunijia hata siku moja kwamba inanihusu mimi binafsi.

Nikamweleza dada. Akacheka hadi akavua miwani. "Halidi, utaoa Msukuma? Atakulisha michembe, viazi vikavu vya kwao, mpaka meno yaishe." Nikamwambia meno yenyewe yamebaki machache. Akasema basi mtaisha pamoja, wewe na michembe. Alidhani ni utani. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipokuwa ndani ya gari la kurudi.

Alhamisi, 19 Oktoba 2023

Mvua! Jana, leo, na wingu limekaa kule vilima vya Kisarawe kama mgeni aliyekuja na begi.

Baada ya sala ya alfajiri nilipita mpakani. Kijiti cha nne, kichwani: kitu. Kidogo kama punje ya mtama, kijani. Cha tisa, viwili. Cha kumi na saba.

Nilitazama kulia. Nilitazama kushoto. Nikavichuma.

Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Nimechuma sita. Nimefukia chini ya mgomba.

Jumatatu, 30 Oktoba 2023

Kazi imekuwa kubwa. Kila alfajiri, kabla Holo hajafungua zizi, napita na tochi ya simu nikichuma machipukizi, vidole vinanuka manemane siku nzima. Latifu aliniuliza kwenye kahawa nimejipaka nini, nanukia kama kanisa. Nilimfundisha Mkaguzi anisaidie. Nilimwinua miguu ya mbele akaona jani, akala, akatema, akanitazama kama ninayeghushi hati. Basi nafanya peke yangu.

Najiuliza: naogopa nini? Si kuoa. Hilo nimeligeuza kichwani kila upande na halinitishi, na hilo ndilo linalonitisha. Naogopa siku vijiti vitakapotoa majani, Holo atakuja mpakani mbele ya watu aseme haya mtani, nioe! – na kijiji kitacheka, naye atacheka, kisha atakwenda zake kukamua ng'ombe. Utani utakuwa umekwisha, na mimi nitabaki nimesimama pale na moyo wangu mkononi kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Ilmradi hakuna jani, hakuna jibu. Masjala tulikuwa na jalada la namna hiyo. Tuliliita la kusubiri.

Jumapili, 5 Novemba 2023

Ya Rabi, nimefanya nini.

Holo alikuja jioni na maziwa mgando. Hakunitukana. Nikamchokoza, nikasema nimeshaandaa kamba ya ndama. Akasema, "Utampata, mtani." Akakaa. Akasema mwanawe Silvanus yuko Kilosa, ana malisho mapana, miaka mitatu anamwambia mama hama. Naye alikuwa akikataa. Akasema alipokwenda kuzika mama yake mwaka huu alikata vile vijiti, akasema moyoni: vikishika Chole, Chole ni kwangu. Visiposhika, udongo umenikataa, naondoka bila kinyongo na mtu.

"Mvua yote hii," akasema, "na hata jani moja. Mama alikuwa akichomeka tu, wiki mbili uzio umeshonana." Akatazama mikono yake. Silvanus anakuja na lori Jumamosi.

Mimi nilikuwa na machipukizi kumi na moja kwenye mfuko wa kanzu.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Holo, mimi nataka ukae." Nilisema hivyo hivyo, bila kipambo. Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Mtani, utaniua kwa vichekesho."

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Sijachuma. Namwagilia. Nimemwagilia vijiti wakati mvua inanyesha. Latifu amepita na mwavuli, amesimama kunitazama, ameondoka bila salamu.

Nimevibembeleza pia. Kijiti cha nne nimekiomba radhi kwa jina.

Hakuna kitu. Nimevichosha.

Alhamisi, 9 Novemba 2023

Kwa kuwa mdomo wangu hauaminiki, nimeandika barua rasmi. Nimehangaika nayo siku mbili. Nakala naibandika hapa:

"Kumb. Na. HZ/CHL/01. Yah: OMBI LA KUTOHAMA NA KUOLEWA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nitajwaye hapo chini, nikiwa na akili timamu na kisigino kilichopona kwa juhudi zako, naomba usihame. Pili, naomba kukuoa, vijiti vichipue visichipue. Sababu ni kwamba siku ambayo hujanitukana huwa haina saa nne wala saa kumi, ni mchana tu. Nitashukuru endapo ombi langu litapokelewa. Wako katika ujenzi wa taifa, Halidi Zahoro Kilindo."

Sikuandika kuhusu kuchuma. Nilijaribu. Kalamu iligoma.

Latifu ameipeleka kwa mkono.

Ijumaa, 10 Novemba 2023

Latifu amerudi na majibu. Holo aliifungua, akaisoma kimya. Kisha akaisoma kwa sauti kwa jirani zake wawili, akafika "wako katika ujenzi wa taifa" akalala chini. Akasema tangu azaliwe hajapata kuona utani uliofanyiwa kazi kiasi hiki. Akamwambia Latifu, "Mwambie mtani wangu hili nitakwenda nalo Kilosa, nikikumbuka Chole nisome." Ameikunja akaitia kwenye mkoba wake wa safari.

Nikamuuliza Latifu: wakati anacheka, macho yake yalikuwaje? Latifu akasema yeye alikuwa anatazama kikombe cha maziwa alichopewa.

Ndivyo ilivyo. Ukimtania mtu miaka mitatu, siku ukisema kweli hana pa kuiweka. Nampenda. Nimeiandika, imeingia rasmi. Nimempenda tangu mkeka wa Maulidi, aliposhindwa kunicheka usoni.

Jumamosi, 11 Novemba 2023

Saa kumi na mbili asubuhi. Nina mpango. Sijivunii.

Eugenia alisema vijani vitatu vitatu. Mbaazi nazo zina vijani vitatu vitatu! Ninazo nyuma ya nyumba. Kopo la Holo la utomvu liko hapa kwangu tangu siku ya kisigino. Makaa yapo. Babu yake alishikizia visu. Mimi nitashikizia majani.

Saa mbili kasoro. Nimemaliza. Holo yuko malishoni na ng'ombe kwa mara ya mwisho. Vijiti thelathini na viwili, kila kimoja matawi matatu ya mbaazi, kwa utomvu wa moto. Nimeungua vidole vinne. Nyuki wawili wameganda, nimewaokoa. Mkaguzi alikuja akala majani ya kijiti cha saba, na sasa midomo yake imeshikana. Kwa mara ya kwanza tangu nimnunue yuko kimya. Nimempaka mafuta ya nazi, ataachia.

Ukisimama mbali, uzio umestawi. Ukisogea, ni mbaazi.

Saa tatu na robo. Lori limefika. Silvanus ni kijana mkubwa kama mlango, amenisalimia shikamoo mzee vizuri sana, nikajisikia mwizi. Magodoro yameshapakiwa. Holo anarudi na ng'ombe.

Nimekaa dirishani na shajara hii ili mikono iwe na kazi. Lilikuwa kosa. Utomvu haukuwa umetoka vidoleni, na sasa kalamu imenishika. Natikisa, haitoki. Basi nitaandika tu ninachokiona.

Ameuona uzio. Amesimama. Ng'ombe wanampita.

Anasogea kijiti cha kwanza. Jua limeanza kupanda na majani yananyauka, nayaona kutoka hapa, yanainama moja moja. Ewe mbaazi, nikupe nini, kaa wima dakika tano!

Amechuma jani. Amelisugua, amelinusa. Huyu mwanamke amelima mbaazi maisha yake yote.

Anatazama kijiti cha pili. Cha tatu. Amefika cha saba, kisicho na kitu. Anamtazama Mkaguzi. Mkaguzi, mdomo unang'aa mafuta, anatazama pembeni. Msaliti.

Amerudi cha nne, ameinama sana. Pale palipokuwa na punje ile ya kwanza niliyoichuma. Anapapasa kidonda cha kijiti kwa dole gumba, polepole. Halafu anatazama ardhini. Kuna alama za kandambili zangu, alfajiri kwa alfajiri, njia nzima, zimekuwa mtaro.

Amejua. Ya Rabi, amejua yote.

Silvanus anamwita. Mama, tupakie ng'ombe? Jani alilochuma bado analo. Amelitia mate. Amerudi kijiti cha kwanza, amelirudisha pale pale, analibonyeza kwa dole gumba. Amelishikilia. Bado amelishikilia, kama alivyoshikilia kishikio cha mhuri. Ameachia. Limekaa.

Amemwambia Silvanus subiri. Amekwenda kwenye lori, ameuvuta mkoba wake wa safari kutoka juu ya magodoro. Anatafuta. Ametoa karatasi. Ni ile. Naijua mikunjo yake.

Anakuja huku. Sura yake siielewi, hacheki, au amecheka akamaliza. Latifu yuko barabarani na mashahidi wengine wawili ambao sikuwaalika.

Hodi. Sijaitika, niitike nini, mkono wa kulia una kalamu na sasa ukurasa nao umeganda kwenye kiganja.

Hodi ya pili. Anasema mlangoni, kwa ile sauti yake ya kawaida ya matusi: "Mtani, fungua. Ule mhuri wako wa kupokelea barua umeuweka wapi –